Kuunganisha Kumbukumbu za Wagonjwa Kutoka Mkoa Hadi Mkoa

Kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa kwa ajili ya utafiti ni kazi ya kutambua kwamba maandishi yaliyoko katika vituo viwili, mikoa miwili au mifumo miwili ya kompyuta yanamhusu mtu yule yule, kisha kuyapanga pamoja kwa mfuatano wa tarehe. Matibabu yanaweza kuendelea bila kazi hiyo, japo kwa shida. Utafiti wa maradhi yanayochukua miaka hauwezi. Anayetaka kujua kama upungufu wa damu wakati wa ujauzito unadumaza ukuaji wa mtoto hadi afikishe miaka mitano anahitaji kipimo cha damu ya mama na vipimo vya uzito wa mtoto, na ni nadra vitu hivyo viwili kukutwa katika daftari moja.

Kata ya Wazo, pembezoni mwa Manispaa ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, inaonyesha vizuri jinsi maandishi hayo yanavyotawanyika. Mjamzito wa Salasala au Madale huanza kliniki katika zahanati ya karibu na kupewa kadi ya wajawazito, RCH-4. Presha ikipanda anapewa rufaa kwenda Mwananyamala, ambako anafunguliwa faili lenye namba nyingine. Miezi ya mwisho huenda akasafiri kwenda kujifungulia kwao, Muheza au Kahama, kwa sababu huko ndiko kuna mama na madada wa kumsaidia. Huko anaandikwa katika kitabu cha wodi ya wazazi, na mtoto anapewa kadi yake na chanjo za mwanzo. Wakirudi Wazo mtoto akiwa na miezi minne, zahanati inamwandika upya. Mama na mtoto sasa wana namba tano au sita, na hakuna hata moja inayoijua nyingine. Ushahidi kwamba ni watu wale wale umebaki katika bahasha ambayo mama anaitunza nyumbani. Kadi zikilowa au zikiungua, historia nayo imekwenda.

Kinachopanda kutoka zahanati kwenda wilayani, mkoani na wizarani ni jumla tu. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990, umejengwa juu ya vitabu vyenye namba: cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 12 cha wodi ya wazazi. Mwisho wa mwezi mhudumu huhesabu mistari na kujaza fomu. Kufikia mwaka 2013 jumla hizo zilikuwa zikiingizwa katika programu ya DHIS2 kwa Tanzania Bara yote. Mfumo huu umeisaidia nchi sana. Unaonyesha dozi ngapi za chanjo zimetolewa, malaria imepanda wapi, wilaya ipi ina vifo vingi vya wazazi. Lakini kabla tarakimu haijafika wilayani, mtu ameshatoka ndani yake. Mahudhurio manne yanaweza kuwa ya wanawake wanne au ya mmoja aliyekuja mara nne, na aliyeko wizarani hana njia ya kujua.

Nchi zilizofika mbali katika jambo hili nyingi zilianza na namba. Sweden ilimpa kila mkazi namba yake mwaka 1947, na Denmark ikafuata mwaka 1968. Kwa sababu namba hiyo inaandikwa hospitalini, shuleni, kodini na kwenye cheti cha kifo, mtafiti wa Copenhagen anaweza kufuatilia kizazi kizima tangu kuzaliwa hadi kufa bila kugonga mlango hata mmoja. Kwingine ilibidi ufundi uchukue nafasi ya namba. Mwaka 1946 Mmarekani Halbert Dunn aliandika kuhusu kukusanya kumbukumbu zote za mtu, kuanzia uzazi hadi kifo, kama kitabu kimoja cha maisha yake. Huko Kanada, mwanajenetiki Howard Newcombe alionyesha mwaka 1959 kwamba kompyuta inaweza kuoanisha vyeti vya ndoa vya wazazi na vyeti vya uzazi vya watoto kwa kutumia majina na tarehe, na mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter wakaiwekea kazi hiyo hesabu zake. Programu nyingi za leo bado zinatumia hesabu hizo.

Tanzania ina namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, yenye tarakimu 20, lakini kwa miaka mingi imetolewa kwa mtu aliyefikisha miaka 18. Watoto, ambao ndio wanaojaza kliniki, wengi wao hawana. Usajili wa vizazi unaosimamiwa na RITA, wakala wa serikali, ulikuwa nyuma kwa miaka mingi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta ni kama robo tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa. Namba ya simu nayo haitoshi, kwa kuwa nyumba nzima inaweza kuwa na simu moja, na laini hubadilishwa. Kinachobaki ni majina, jinsia, umri na mahali mtu anapoishi. Hivyo vinne, vikitumiwa kwa uangalifu, vinafanya kazi kubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Hesabu yenyewe inategemea swali jepesi: je, taarifa hii ingelingana kwa bahati tu mara ngapi? Jinsia italingana kwa bahati mara 1 kati ya 2, kwa hiyo kulingana kwake kuna uzito mdogo. Mwezi wa kuzaliwa utalingana mara 1 kati ya 12, na uzito wake unapanda. Jina linategemea ni jina gani. Maandishi mawili yenye jina Juma pwani ya Tanzania hayasemi mengi, ila yakiwa na jina ambalo wilaya nzima wanalo watu watatu, karibu yanatosha peke yake. Kila kinacholingana huongeza uzito, kila kisicholingana huupunguza, na jozi zenye jumla iliyozidi kiwango fulani hukubaliwa kuwa za mtu mmoja. Ugumu unaoonekana mapema ni wingi. Orodha mbili zenye watu 100,000 kila moja zinazaa jozi bilioni 10. Ndiyo maana mafundi huzigawa kwanza katika mafungu, kwa mfano wanawake waliozaliwa kati ya mwaka fulani na fulani, na kulinganisha ndani ya fungu tu.

Ufundi huo ulitungwa kwa majina ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na Uswahilini unakutana na mambo mengine. Mohamed, Muhammad, Mohammed na Mudi wanaweza kuwa mtu mmoja. Mwanamke anaweza kuandikwa kwa jina la baba yake katika kituo kimoja na la mume katika kingine, na mtaani akajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yupo mwenye jina la ukoo, la dini na la shule, na huchagua la kutoa kulingana na anayemuuliza. Katika kliniki za VVU wengine hubadili jina kwa makusudi, kwa hofu ya kujulikana, na hofu hiyo ina sababu zake. Umri nao huzungushwa: wenye 38 na 41 wote huandikwa 40.

Mfano mgumu kuliko yote ni mapacha. Kulwa na Doto wamezaliwa siku moja, wana baba mmoja, babu mmoja, nyumba moja na mjumbe mmoja wa nyumba kumi. Wakiwa wa jinsia moja, mashine inaona tofauti katika jina la kwanza tu. Ikizoeshwa kusamehe makosa ya tahajia kwa urahisi, itawafanya mtu mmoja mwenye chanjo mara mbili, na pacha mwingine atatoweka katika takwimu. Mahali ambapo Kulwa na Doto ni majina ya kawaida, kasoro hiyo si ya pembeni.

Mahali pa kuishi pangeweza kusaidia kama mipaka ingetulia. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ukafuata Songwe. Katika miaka hiyo hiyo Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Mgonjwa wa Mbezi Luis aliyeandikwa Kinondoni mwaka 2010 na Ubungo mwaka 2018 huenda hakuhama hata chumba. Programu isiyofahamu historia ya mipaka itamhesabu kama mhamiaji, na ramani ya maradhi itaonyesha wimbi la watu ambalo halikuwahi kutokea. Kuandaa jedwali linaloeleza kila kata ilikuwa chini ya wilaya gani katika kila mwaka ni kazi ya kuchosha isiyotoa sifa, na bila hiyo utafiti wa mikoa mingi hauaminiki.

Jibu lenye maana zaidi lililopatikana Tanzania limetoka Kisesa, wilayani Magu, mashariki ya jiji la Mwanza. Tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, imekuwa ikifuatilia kaya za eneo hilo: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia na nani kahama. Taarifa za kaya zilikuwepo, na za kliniki zilikuwepo, zikiwa hazijakutana. Kuanzia mwaka 2015, watafiti wa NIMR na wenzao wa Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London waliacha kutegemea mashine na makaratasi peke yake. Mgonjwa alipofika katika kituo cha afya cha Kisesa, kwa kliniki ya wajawazito, kupima VVU au kuchukua dawa, alikaa kwa dakika chache na mhojaji mwenye kompyuta. Alitaja majina yake, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na kitongoji, na jina la balozi wake wa nyumba kumi. Programu ilipanga orodha ya wanaokaribia kufanana naye katika kumbukumbu za kaya, na mhojaji akauliza zaidi: unaishi na nani, uliwahi kuishi kijiji gani kabla ya hapa? Kama majina ya wanakaya yalilingana, basi mtu alikuwa amepatikana.

Inafaa kukaa kidogo juu ya jina la balozi. Hakuna kitabu cha Ulaya cha uoanishaji kinacholitaja, kwa kuwa Ulaya haina mabalozi wa nyumba kumi. Mtanzania anaweza asijue tarehe yake ya kuzaliwa, lakini anajua balozi au mjumbe wake ni nani, maana ndiye aliyemwandikia barua alipoihitaji na ndiye aliyeitwa ugomvi ulipotokea. Taarifa iliyokuwa bora kwa kazi hii ilikuwa tayari vichwani mwa watu, ikisubiri kuulizwa.

Watafiti hao hao walijaribu pia kuiachia mashine ioanishe yenyewe, kisha wakapima majibu yake kwa yale yaliyothibitishwa na wagonjwa. Mashine peke yake ilikosa watu wengi ambao mazungumzo yaliwapata, na iliunganisha baadhi ya wasiohusiana. Ubaya wa makosa ya aina hii ni kwamba hayajitangazi. Jedwali hutoka safi. Mgonjwa aliyeunganishwa na kumbukumbu za mtu mwingine huleta katika hesabu dawa ambazo hakunywa, na tofauti ya kweli kati ya waliotibiwa na wasiotibiwa hufifia. Aliyekosa kuunganishwa huonekana kama asiyewahi kufika kliniki.

Pwani ya Kenya, huko Kilifi, kazi ya namna hiyo ilitangulia. Mwaka 2000 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na washirika wake wa Wellcome Trust walianza kuhesabu kaya katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali, lililofikia wakazi wapatao 260,000. Mgonjwa anapolazwa, karani humtafuta katika orodha ya kaya papo hapo, yeye au mzazi wake akiwa bado yupo kujibu maswali. Kwa kuwa idadi ya watoto wote inajulikana, na kila anayelazwa anajulikana anatoka nyumba gani, hospitali inaweza kusema ni watoto wangapi kati ya kila 100,000 wanaougua kitu fulani. Hospitali ya kawaida inaweza kusema tu wangapi wamefika. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya nimokoko Januari 2011, mpangilio huo wa Kilifi ndio uliowezesha kuonyesha kwamba maambukizi makali ya aina za bakteria zinazolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ushahidi wa namna hiyo ndio waziri wa fedha anaouhitaji anapoamua kama chanjo iendelee kununuliwa.

Kisesa na Kilifi, hata hivyo, zina mipaka ya kilomita chache. Swali la mkoa hadi mkoa ni pana zaidi, na hakuna panapouma kama katika huduma za VVU. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa kitaifa mwaka 2004, kila aliyeandikishwa alipewa namba ya CTC, yaani ya kliniki ya huduma na matibabu, yenye msimbo wa mkoa, wilaya na kituo. Anayehama kwa barua ya uhamisho huenda na namba yake. Anayehama kimya, kwa kuwa kazi imepatikana ghafla Mtwara au kwa kuwa hataki majirani wapya wajue, hufunguliwa namba nyingine, na kituo cha zamani humwandika kuwa amepotea. Katika kundi hilo la waliopotea wamo wanaokunywa dawa vizuri mkoa mwingine, wamo walioacha dawa, na wamo waliofariki. Mtafiti akiwahesabu wote kuwa wameacha, huduma itaonekana mbovu kuliko ilivyo. Akiwaondoa katika hesabu, vifo vitapungua katika karatasi tu.

Vifo vina safari zao. Huko Agincourt, Afrika Kusini, ilionekana wazi kwamba watu waliokwenda kufanya kazi mijini walirudi kijijini wakiwa wagonjwa mahututi na kufia nyumbani. Familia za Dar es Salaam zinaijua desturi hiyo pia. Mtu akizidiwa hupelekwa kwao, na kifo chake hakimfikii daktari aliyemtibu Temeke. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi cha AMMP, ulikusanya taarifa za vifo katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kwa kuwahoji ndugu wa marehemu kuhusu dalili za siku za mwisho. Mradi ule uliisha, na jiji likakaa miaka kadhaa bila ufuatiliaji wa aina hiyo, hadi mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Muhimbili na washirika wake walipoanza kufuatilia kaya za Ukonga na Gongo la Mboto, wilayani Ilala. Kwa jiji lililohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, kata mbili ni sehemu ndogo mno. Wazo, Mbagala, Bunju na vitongoji vingine vinavyopokea wahamiaji kila wiki vinastahili zaidi ya hapo.

Kuna jambo linalofanya upungufu huu usiwe wa kiufundi tu. Wanaoshindwa kuunganishwa si watu wa kubahatisha. Ni wapangaji wanaohama kila mwaka, wasichana wa kazi waliotoka mikoani, wasio na cheti wala kitambulisho, wanaoficha jina. Wenye bima, nyumba na namba ya NIDA huungana kwa urahisi. Utafiti unaojengwa juu ya waliopatikana pekee utasema kweli kuhusu wenye utulivu, kisha sera itatungwa kwa ajili ya wote. Kila ripoti ya uoanishaji inapaswa kuonyesha ni nani hawakupatikana na wanatofautiana vipi na waliopatikana. Ripoti isiyo na jedwali hilo haijakamilika.

Upande wa haki za mgonjwa, Tanzania ilikuwa na sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya majibu ya vipimo, na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, inayohesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Utafiti hupitiwa kwanza na kamati ya maadili. Lakini kuunganisha kuna hatari ambayo daftari moja halina. Kitabu cha wagonjwa wa nje kikifunguliwa na asiyehusika, siri moja imetoka. Faili lililounganishwa likivuja, linatoka na kipimo cha VVU, ujauzito, ugonjwa wa akili na jina la mtaa kwa pamoja. Hata jina likifutwa, mwanamke wa miaka 44 aliyejifungua mapacha katika kijiji kidogo mwaka fulani atatambuliwa na kijiji kizima.

Kinga iliyothibitika ni kutenganisha mikono. Katika jimbo la Western Australia, ambako kazi hii ilianza kwa mpango rasmi mwaka 1995, kikundi kimoja huona majina na tarehe bila kuona maradhi. Kikishaoanisha hutoa namba za siri, na watafiti hupokea maradhi na namba hizo bila majina. Njia ya Kisesa ina faida nyingine: mgonjwa yupo, anaelezwa na anaridhia au kukataa. Kwa kumbukumbu za zamani ambazo wenyewe hawapatikani tena, kamati ya maadili inaweza kuruhusu zitumike bila ridhaa ya kila mmoja, na hapo uzito wa kulinda siri unakuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Mifumo ya kielektroniki inabadilisha sehemu ya picha hii. Hospitali na vituo vingi vya halmashauri vimewekewa GoT-HoMIS, mfumo wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Rejesta ya chanjo iliyoanzia Arusha katikati ya miaka ya 2010, kisha ikaenda Tanga na Kilimanjaro, ilimwandika kila mtoto kwa jina lake, ili kituo kingine kiweze kumtafuta na kuona alichanjwa lini. Wizara ya Afya imejenga pia njia ya kubadilishana taarifa kati ya mifumo, na orodha rasmi ya vituo vyote yenye msimbo mmoja kwa kila kituo. Orodha ya vituo ni msingi unaopuuzwa mara nyingi: bila kujua kwamba zahanati iliyoandikwa kwa majina matatu ni moja, hakuna kuunganisha wagonjwa wake. Kompyuta haiondoi kazi ya mhudumu, kwa sababu mtoto asiyepatikana haraka katika rejesta huandikishwa upya, hasa foleni inapofika mlangoni. Dakika mbili za kumtafuta vizuri zinahitaji mhudumu wa pili, na mhudumu wa pili ni suala la bajeti ya halmashauri.

Nje ya mipaka ya nchi, kinachounganishwa hadi sasa ni matokeo zaidi kuliko watu. Mtandao wa ALPHA, ulioanza mwaka 2005, unaweka pamoja taarifa za Kisesa, za Rakai na Masaka nchini Uganda, za Kisumu na Nairobi nchini Kenya na za vituo vya kusini mwa Afrika, zikiwa zimepangwa kwa muundo mmoja ili vifo na maambukizi yalinganishwe. Kila kituo hubaki na majina yake. Zanzibar ina wizara yake ya afya na vitambulisho vyake vya ukaazi, kwa hiyo hata mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Mnazi Mmoja kwenda Muhimbili huvuka kutoka mfumo mmoja kuingia mwingine. Na aliyeanza dawa Kisumu akahamia Tarime bila barua huhesabiwa mara mbili: Kenya kama aliyepotea, Tanzania kama mgonjwa mpya.